Kamba ya Urefu Wangu

Shoga yangu Secilia, sikia: nesi wa zahanati ndiye kaniambia, leo saa nne asubuhi. Kakata kamba ya urefu wangu, kaikunja nusu, kanizungushia kiunoni. Haikukutana. Haikukutana kabisa!

"Bibi, isipokutana ujue moyo uko hatarini. Punguza tumbo."

Mbele ya foleni nzima, mwenzangu. Nikaifunga ile kamba kwenye pindo la kanga, nikarudi nyumbani.

Kumwonyesha Elinuru, mwanangu wa kumzaa mwenyewe, kacheka mpaka makande yakamtoka mdomoni. "Usiitupe, mama. Fundi wa jeneza ataulizia urefu."

Fundi wa jeneza! Na mkewe anacheka.

Unanijua. Nikamwambia, simama baba, na wewe nikupime. Akasimama kwa mbwembwe. Nikakata ya kwake kutoka kisigino mpaka utosini, nikaikunja, nikamzungushia.

Imepungua shubiri nzima, Secilia. Shubiri! Yangu ilipungua vidole viwili tu.

Hakucheka mtu.

Nikamwekea mkononi. "Usiitupe, baba. Fundi ataulizia."

Kaacha sahani, kaenda kujilaza na jua bado linawaka mlimani Magamba. Nimemchungulia sasa hivi. Kasinzia, mkono kifuani, kamba kaishika.