Mgongo wa Mrushaji

Jumatatu, 3 Machi
Nimefundisha mazoezi tena, baada ya zamu ya kiwandani, mtaa wa Jacobs. Miguu inauma. Bosi, Mzulu mwenye malori aliyeanzisha timu hii ya futiboli ya Kimarekani, anataka mkataba wa kwanza aupate mrushaji, wa pili mdakaji. Watu hulipa kuona mpira ukiruka, anasema. Wa kwanza sawa. Éric anarusha vizuri mno. Wa pili, hapana. Wa pili ni anayemlinda kushoto, maana Éric akirusha kwa mkono wa kulia, mgongo wake uko huko. Mtu hana macho kisogoni. Mdakaji wa nini, mrushaji kalala chini?

Alhamisi, 6 Machi
Nimemtaja Fidèle kwa nafasi ya kushoto. Anafunga kontena melini, bandarini. Mpana, mpole, hana maneno. Bosi kakunja uso. Jumamosi mechi ya majaribio. Fidèle akishindwa, mkataba unakwenda kwa mdakaji. Mke wa Fidèle ana mimba, na kazi ya bandarini ni ya kuitwa. Leo iko, kesho haiko. Nina hakika naye.

Jumamosi, 8 Machi
Aibu. Hasira. Mpira wa kwanza tu, mpinzani wa jezi nyekundu alikuja upande wa Fidèle. Fidèle akapisha. Akapisha! Na kichwa akainamisha. Éric akapigwa mgongoni, mbavu zimevimba. Nilimtoa Fidèle nje nikifoka.

“Coach, ule njo beau-père,” akasema. “Nitamusukuma namna gani?”

Baba mkwe! Innocent, mdogo wa mwisho wa baba wa mkewe. Umri sawa na Fidèle, lakini baba ni baba. Na mimi nilikuwepo harusini, nilikula mbuzi wao. Nilipima mabega, nikasahau ukoo.

Jumapili, 9 Machi
Bosi kacheka, kisha kakasirika. Kanipa mechi moja ya marudiano. Ibada nzima nilikuwa nafikiri, mahubiri sikuyasikia. Nikimhamishia Fidèle kulia, kushoto nani? Sina. Nilidhani nafasi ile ni ya mtu wa nguvu. Kumbe ni ya mtu wa kuaminika, asiyetaka kuonekana. Aliyemheshimu mkwe mbele ya uwanja mzima, kwa hasara yake mwenyewe, ndiye huyo. Ila heshima hiyo hiyo ndiyo inayotumaliza.

Alhamisi, 13 Machi
Tumekwenda kwa Innocent, South Beach. Ghorofa ya juu, lifti mbovu. Fidèle kabeba kreti ya Fanta, kavaa shati la kanisani. Hakuketi mpaka alipoambiwa. Nilisema mimi kwa niaba yake, kama inavyopasa. Innocent, na kaptula yake, akakaa kizee. Nilitaka kucheka. Kisha akasema bila utani:

“Muko na mtoto anakuya. Mu terrain ya mupira unisukume, mwana. Ni mimi baba nakutuma.”

Fidèle akaitika, macho chini. Bado naogopa. Ruhusa ipo. Mikono je, itatii?

Jumamosi, 29 Machi
Marudiano. Mvua ndogo asubuhi. Éric alirusha mbali, mpira ukadakwa, watu wote wakaufuata kwa macho. Mimi nilitazama kushoto. Innocent alikuwa chali kwenye nyasi. Fidèle akamwinamia, akamnyanyua kwa mikono miwili, akaanza kumfuta matope mgongoni, taratibu. Mwamuzi alipiga filimbi. Akapiga tena. Fidèle hakuharakisha.

Bosi akaniuliza ni nani huyo anayechelewesha mchezo.

Mkataba wa pili, nikamjibu.