Maoni Yetu Kuhusu Mchezo Wako wa Milima

S.L.P. 418,
Kericho.
Jumapili, 15 Novemba 1998.

Mpendwa shemeji Kiptum,

Chamgei. Najua utacheka kuona Mkisii anaanza barua kwa Kikipsigis, lakini nimekaa katika boma lenu muda wa kutosha kujua zaidi ya salamu. Hujambo huko Uingereza? Baridi imeshaanza kukusumbua? Na kile kikohozi ulichotaja mwezi wa nane kimekwisha? Usituandikie tu kwamba uko sawa. Mama hunifanya nimsomee barua zako mara mbili, halafu huuliza kama kuna mahali umemficha kitu.

Sisi huku hatujambo. Goti la Mama bado linamuuma asubuhi, ila akishapata jua hatumshiki tena, yuko kwa ng'ombe. Kaka yako Kipkurui wiki nzima huwa shambani Boito kwa sababu majani ya chai yamekuwa mengi, na barabara ya kituo cha kununulia majani haijapona tangu ile mvua kubwa ya mwaka jana. Huja mjini Ijumaa na matope mpaka magotini. Rebeccah wetu yuko darasa la kwanza na ameng'oka meno mawili ya mbele. Anasema ukirudi hutamjua.

Sasa nije kwa jambo lako. Ile sidii ya mchezo ulioutengeneza na wenzako ilifika salama, pamoja na kadi mbili za picha. Nilizifunga mwenyewe kwenye kompyuta mbili za chuo chetu, pale juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Ya kwanza ilikubali mara moja. Ya pili ilinitesa siku mbili, ikawa inaonyesha milima imepinduka, mawingu chini na majani juu ya mawingu, hata sijui nieleze vipi. Mwisho ikakubali. Nikaziunganisha kwa kebo ili watu wawili wachezeane.

Uliniomba niwakusanyie maoni ya wachezaji kabla ya mwaka mpya, kwa kuwa mnataka kutengeneza toleo la pili na mkubwa wenu anataka kusikia watu wa nje ya Uingereza. Ukasema nisikufiche. Basi sitakuficha.

Kwanza, watu wameupenda. Hawajawahi kuona kitu kama hicho. Gemu walizozizoea ni za kuangalia kutoka juu tu, kama ramani ya ukutani, lakini hapa mtu anazungusha mlima, anauona mgongoni, anashuka mpaka bondeni anaona mto. Mwalimu Ombati, anayefundisha jiografia, huja kila Jumamosi na hachezi kabisa. Anazungusha milima tu. Juzi aliniambia, "Madam, hapa mtu anaweza kufundisha mwinuko na bonde bila kubeba ubao." Askari wake walikuwa wanachinjwa upande wa pili wa ramani na yeye hana habari.

Priscah ndiye bingwa. Ni mwanafunzi wangu wa uchapaji, msichana mpole hata sauti humsikii, lakini akishika maus humtambui. Maoni yake ni kwamba adui anayechezwa na kompyuta ni mjinga. "Akija mara moja kupitia daraja, atakuja hapo hapo mpaka mwisho. Mimi namngoja tu." Pia anasema kuzungusha picha kwa vitufe kunachelewesha, afadhali maus ifanye yote. Wengine wanaona kinyume, kwamba mchezo unakimbia mno. Hakuna zamu. Wewe ukifikiria, mwenzako anajenga, na mtu asiyezoea kibodi anashtukia amezingirwa kabla hajajua mawe yanachimbwa wapi. Na maandishi ni madogo sana kwa skrini zetu.

Halafu kuna habari ya ng'ombe. Kipkosgei, karani wa kituo cha majani, kijana mrefu ambaye kwao ni Konoin, alikasirika kweli. Kwenye mchezo wenu ng'ombe kazi yake ni kuchinjwa tu askari wapate chakula. Akaniuliza, "Kiptum ni Mkipsigis au alishaacha? Ng'ombe jike mzima, mtu anachinja bila kukamua hata siku moja?" Alitafuta mahali pa kukamua kwenye menyu zote. Nilimwambia nitaandika. Nimeandika.

Uliuliza pia kama moshi na moto vinaonekana vya kweli, maana hiyo ndiyo sehemu uliyoichora wewe. Jibu lake ni refu kidogo, na ndilo limenifanya nichelewe kuandika.

Mwezi uliopita tulifanya mashindano. Waliofika fainali walikuwa Kipkosgei na kijana mmoja Mkisii mwenzangu anayeitwa Masese, fundi wa mashine kwenye kiwanda cha majani, anayeishi na wazazi wake katika nyumba za kambi ya wafanyakazi. Priscah alikuwa ameenda kwao, la sivyo wasingefika. Chumba kilijaa. Hao wawili ni marafiki, wanataniana kila siku, Kipkosgei akisema Wakisii hawawezi vita, Masese akisema Wakipsigis wanaweza kukimbia tu, watu wanacheka.

Walicheza karibu mchana wote. Masese alijenga kijiji kizuri juu ya kilima, nyumba nyingi na mashamba chini yake. Kipkosgei akapita nyuma, kwa ule upande wa msitu, akafika na mienge. Nyumba moja ikashika, halafu ya pili, halafu upepo ukabeba moto kama ulivyoupanga wewe. Watu walishangilia. Moshi ulipanda, ukainama upande mmoja, ukawa mweusi chini na kijivu juu. Kipkosgei akapiga kelele, "Masese, hama! Hama urudi kwenu!"

Aliyasema kwa utani, kama siku zote. Lakini Masese aliacha maus, akasimama, akatoka. Kicheko kikakatika vipandevipande, wengine walikuwa hawajaona.

Nilimfuata nikamkuta ameketi kwenye ngazi. Nikadhani ameona uchungu wa kushindwa. Nikamwambia, "Masese, ni mashindano tu."

"Najua, Madam," akasema. "Ni gemu tu. Hata mimi najua." Halafu akasema, "Ule moshi unainama vile vile. Tulikuwa ng'ambo ya mto, tukauona ukiinama vile vile juu ya nyumba ya baba."

Kwao kulikuwa mpakani, Shemeji, upande wa Sotik. Walitoka wakati wa vurugu ya tisini na mbili kati ya Wakipsigis na Wakisii, na mpaka leo hawajarudi. Sikujua. Tumefahamiana naye mwaka mzima na hakuwahi kusema. Nilipanda juu nikazima kompyuta, nikawaambia watu waende nyumbani. Kipkosgei alibaki. Nilimweleza. Alichukua koti lake akaondoka, nikafikiri nimewapoteza wote wawili.

Jumamosi iliyofuata Masese hakuja. Kipkosgei alikuja, akakaa bila kucheza, akaondoka mapema. Baadaye nilisikia kwamba alikwenda mpaka kambini. Mama yake Masese alimfungulia, akamwuliza yeye ni nani na ametoka wapi. Akasema jina lake na kwao. Akasimama mlangoni muda mrefu kabla ya kuambiwa aingie. Sijui walizungumza nini. Najua tu kwamba alipewa chai, na kwamba Jumamosi ya baadaye waliingia chuoni pamoja, wakavuta viti, hakuna aliyegusa kompyuta.

Masese ndiye aliyeanza. "Mimi sikumkasirikia huyu," akaniambia.

Kipkosgei akasema, "Sisi pia tulikimbia. Nyumba ya mjomba wangu iliungua. Lakini mimi nikiona moto kwenye skrini sioni ile nyumba. Sijui ni kwa nini. Naona gemu tu." Alisema hivyo kama mtu anayeeleza kasoro ya macho yake.

Hapo ndipo na mimi nilipowaambia jambo ambalo wewe hujawahi kuambiwa. Nimemwomba Mama ruhusa ya kukuandikia, akakubali. Nilimuuliza ni nani aliyekataza uambiwe wakati ule, akasema alikataza yeye, kwa sababu ulikuwa mgeni huko na una mitihani, na hakuna ambalo ungelifanya kutoka huko isipokuwa kukosa usingizi.

Uliondoka Januari ya tisini na mbili, wiki chache baada ya harusi yetu. Machi nilikuwa Boito peke yangu na Mama, nina mimba ya Rebeccah, na Kipkurui alikuwa huku mjini, barabara zimefungwa. Vijana walikuja mchana. Hawakuwa wa kijiji chetu. Mama alikuwa anaosha kibuyu cha maziwa ya mursik pale nje. Walimwuliza kama ana mgeni nyumbani. Nilikuwa nyuma ya mlango, nasikia kila neno, na Kikipsigis nilichokuwa nakijua wakati ule kilitosha kabisa.

Mama akasema, "Sina mgeni. Nina binti yangu, na ni mja mzito."

Mmoja akataka kuingia aone. Mama hakuondoka mlangoni. Akamwuliza yule kijana mama yake anaitwa nani. Kijana hakutaka kusema. Akamwuliza tena. Waliondoka bila kuingia. Mama akarudi kwa kibuyu chake, akamaliza kukiosha, halafu ndipo akakaa chini. Nilikaa ndani miezi minne. Majirani wote walijua niko pale, na hakuna aliyenitaja.

Nilipomaliza kuwasimulia, Masese aliwasha kompyuta. Akafungua kile kijiji, akaangalia nyumba. Akasema, "Maoni yangu ndiyo haya, Madam. Mwandikie. Nyumba ikiungua, watu hutoka. Hutoka na godoro, na kuku, na watoto. Hapa nyumba inaungua na hakuna anayetoka. Wale watu wanaenda wapi?"

Nimecheza mwenyewe nikiangalia, Shemeji, na ni kweli. Nyumba inaanguka, ile namba ya watu pale juu inapungua, basi. Sikuwa nimeona.

Masese alitaka muuondoe moto kabisa. Kipkosgei alikataa. Alisema mchezo wa vita usio na moto ni uongo, na watoto watakaoucheza watadhani vita ni kusukumana. Walibishana mpaka nikachemsha chai. Mwisho Kipkosgei akatoa wazo ambalo nimeahidi kukufikishia kama alivyolisema. Nyumba ikiungua, watu watoke, waonekane wakitembea juu ya mlima, polepole, na mizigo. Wafike kijiji kingine chochote, hata cha adui. Na mwenye kijiji aulizwe afungue au asifungue. Akifungua, awalishe, na wao wafanye kazi kwake kama watu wake. Priscah alikuwa amefika wakati huo, akasema hilo litabadilisha mchezo wote, kwa sababu anayechoma atakuwa anampa mwenzake watu. Alikuwa ameshaanza kupiga hesabu zake.

Walikubaliana hapo wote watatu. Halafu Masese akauliza, na vita vikiisha je? Akasema lazima kuwe na njia ya kuwarudisha wale watu kwenye kilima chao.

Kipkosgei akamwuliza, "Na kama mtu mwingine ameshajenga pale?"

Aliuliza kwa kawaida tu, kama mchezaji anayetaka kujua sheria. Lakini wote wawili waligeuka wakaniangalia, Shemeji, na mimi nilikuwa nimeshika birika. Masese anasema warudishiwe kilima, aliyejenga aondoke. Kipkosgei anasema aliyejenga huenda hakuchoma, huenda na yeye alitoka mahali. Hawakukubaliana. Mimi sikuwaamulia, maana sijui. Nakuandikia yote mawili kama yalivyosemwa, wewe na wenzako mfikirie. Mkipata jibu mtuletee.

Wanaendelea kuja. Sasa wanacheza upande mmoja, dhidi ya kompyuta, na kwa jinsi wanavyogombania nani achimbe mawe, sidhani watashinda karibuni.

Nikusalimie kwa niaba ya wote: Kipkurui, ambaye anasema uache uvivu uandike mwenyewe kwa mkono wako, siyo kwa mashine, Rebeccah, aliyechora ng'ombe nyuma ya karatasi hii, Mwalimu Ombati, Priscah, Kipkosgei na Masese, ambao hawakujui lakini wanakuzungumzia kama mtu wa hapa. Mama anakusalimia sana. Nilipomsomea barua hii alisikiliza mpaka mwisho, akasema nikuambie yule kijana wa mlangoni alimtajia jina la mama yake kwa sauti ya chini, mimi tu sikusikia kutoka ndani. Alikuwa mwanamke anayemfahamu. Wamekuwa wakisali kanisa moja mpaka leo, na Mama hajawahi kumwambia kwamba mwanawe alifika mlangoni kwetu.

Mungu akutunze, akupe afya, na akufungulie njia ya kurudi nyumbani ukiwa mzima.

Ni mimi shemeji yako, ninayekukumbuka kila siku,

Janefer Nyanchoka