Baba na Katuni ya Fahali

Baba,

Shikamoo. Barua huwa inaanza kwa kuuliza hali, na yako sijui niiulizeje, kwa hiyo nianze na ya kwetu. Sisi wazima. Mama alikuja Pasaka akakaa wiki mbili. Ng'ombe wako wapo na kaka Wambura kulekule Guta, wamenenepa kuliko yeye. Ila kuna neno uliniambia hapa sebuleni kwangu na mimi sikukujibu, mpaka ukatutoka. Hilo ndilo limenikalisha kuandika.

Unajua mwenyewe, miaka tisa hukukanyaga hapa Kigera. Nilipoolewa na Rajabu ulisema huwezi kumtoa binti yako kwa fundi makochi asiye na hata ndama, na siku ya harusi ukabaki shambani unapalilia pamba. Niliwaambia watu kwamba unaumwa. Nilipojifungua wa pili nikampa jina lako, Magesa, nikatuma habari. Ukajibu, "Mzee halali kwa mkwe," ukaishia hapo. Nami nikakaza shingo, simu sikupiga. Kichwa kigumu nilikirithi kwako, sikukinunua sokoni Bunda.

Kisha figo zikakuleta. Kliniki ilikuwa hapahapa kwetu Musoma kila wiki, na ukirudi Guta unazidiwa. Wambura akakushusha mlangoni kwangu na begi moja, ukaingia bila kunitazama usoni. Rajabu akakuwekea kitanda sebuleni, maana vyumba vyetu ni viwili tu, mila tukaiomba radhi. Hukujua kwamba sebuleni ndiko iliko tivii, na tivii ya nyumba hii wenyewe ni Sada na Magesa wakishatoka shule.

Siku ya kwanza Magesa alichomeka flashi, ikaanza ile katuni ya fahali mzee iliyotafsiriwa Kiswahili. Ukageukia ukutani. "Mambo ya watoto hayo." Dakika kumi hazikupita, niko jikoni nasikia unafoka. Ng'ombe wa kwenye katuni alikuwa ameamka kwa kutanguliza miguu ya mbele. "Huyu aliyechora hajawahi kuchunga hata siku moja. Ng'ombe anaanzaga na makalio. Hivyo anaamkaga punda." Watoto wakacheka mpaka Sada akapaliwa na kiazi. Tangu hapo walikuwa wanatoka shule mbio waje wakusikie ukimkosoa mchoraji, na wewe usinikatalie, ikifika saa tisa ulikuwa umeshajiweka sawa kitandani na mto mgongoni.

Mpaka leo nawashangaa watu wanaotengeneza hizi katuni. Mtoto wanamwekea cha kucheka, fahali anateleza kwenye tope, kuna kindege kimemkalia pembeni kinamsema siku nzima, halafu palepale wanamwekea mtu mzima kitu chake. Mimi nilishaiona mara nyingi nikiwa nashona, nikaichukulia kelele tu. Ni mpaka ulipokuja wewe ndipo nilipoiangalia. Binti wa yule fahali alivuka mto akaenda kuishi na nyati, baba mtu akaapa hatamfuata. Anazeeka upande wake. Kila asubuhi anakunywa maji pale mtoni, anaangalia ng'ambo, anarudi zizini.

Jumamosi moja mchana mvua inanyesha, Rajabu yuko karakana. Katuni imefika mwishoni. Fahali amevuka, na maji yamemfika magotini tu. Magotini, Baba. Anasimama mbele ya binti yake anasema, "Mwanangu, mto haukuwa na kina. Mimi ndiye nilikuwa mkaidi." Watoto walikuwa wanamcheka nyati aliyepiga chafya pembeni. Wewe ukamwambia Magesa, "Rudisha hapo." Akarudisha. "Rudisha tena." Mara tatu ile sauti ilisema maneno yaleyale. Mimi niko kwenye cherehani, mgongo nimekupa. Ndipo ukasema, taratibu, "Hata mimi ningesema hivyohivyo."

Hukusema unamwambia nani. Mtu mzima mwingine humo ndani hakuwepo.

Na mimi nikasema nini? "Baba, uji unapoa." Miaka tisa nililingoja neno hilo, lilipofika nikakutajia uji. Niliogopa kulia mbele ya watoto. Nikajiambia nitamjibu kesho, kesho ikaja na wageni, keshokutwa na kliniki, kisha ukaanza kulala mchana kutwa hata katuni huziulizi. Wiki ya tatu tukakurudisha Guta kukuzika.

Baba, asante. Wengi wanakufaga na ukaidi wao na msibani watu wanausifu, wanauita msimamo. Wewe uliuweka chini ungali hai, na nikauona kwa macho yangu. Asante kwa Rajabu pia. Siku ya mazishi alijisimamia nyuma kama kawaida yake, Wambura akaja kumshika mkono: "Mzee aliacha neno. Mkwe ashike jeneza mbele." Hakuniambia ulilisema lini. Rajabu alibeba huku machozi yanamtoka, na mtu huyo hata kwenye msiba wa mama yake sikumwona akilia.

Juzi nilimgombeza Sada nikamwita mwizi wa mkasi wangu. Alilia sana. Baadaye nikaukuta chini ya vitambaa, nilikouweka mwenyewe. Zamani ningenyamaza, nimpikie chapati, yaishe. Nilimwita nikamwambia, "Nimekukosea, mwanangu, nisamehe." Akaniangalia, akauliza kama anaweza kwenda kucheza. Ni rahisi hivyo, Baba, na sisi wawili ilitushinda miaka yote hiyo.

Nakuahidi, nikiwakosea hawa wajukuu zako nitawaambia kwa kinywa changu, siku hiyohiyo. Wewe ulipita njia uliyoiweza, na ulifika. Pumzika, mzee wangu. Mama tutamwangalia.

Na jibu lako ni hili. Nilishakusamehe. Nilikusikia mara ya kwanza tu, Baba. Zile mbili nilikuacha urudishe kwa sababu nilitaka kusikia tena.

Binti yako,
Nyamisi