Kifungu cha Saba

Jumatatu, 7 Machi 2011
Saint-Gilles, ghorofa ya tatu. Plasta tangu asubuhi. Kalonji anakoroga, mimi napiga. Ndoo moja kwa watu wawili, maana plasta haingoji, huganda upesi. Saa tisa alikaa kwenye ngazi, akasema kifua kinambana. Alikata roho kabla ambulansi haijafika. Nimenawa mikono mara tatu. Weupe hautoki kwenye kucha.

Jumatano, 9 Machi
Mkewe, Maman Agnès, anataka azikwe nyumbani, Likasi, kando ya mama yake. Chama chetu cha watu wa Likasi huku ughaibuni kipo kwa ajili hiyo. Katiba, kifungu cha saba: mwili wa mwanachama aliye mtoto wa Likasi utarudishwa nyumbani. Kalonji alizaliwa kule. Lakini wazazi wake walitoka Kasai, jimbo jingine, na mwenyekiti, Papa Ilunga, anasita. Anasema katiba isomwe kama waanzilishi walivyokusudia. Nikamjibu kwamba mkutano wa kwanza niliuandika mimi, daftari ninalo, litamaliza maneno. Nilijivuna.

Ijumaa, 11 Machi
Nimelifungua. Mwaka 2003, chumba cha nyuma cha baa karibu na Gare du Nord, stesheni ya huku. Nilikumbuka samaki na vicheko tu. Kumbe mtu aliuliza: na Wakasai waliozaliwa kule? Jibu liko chini yake: hao si watoto wa Likasi, walirudi kwao. Wote wakakubali.
Aliyejibu ni mimi. Jina langu, mwandiko wangu.
Miaka kumi kabla ya mkutano huo, Wakasai walipofukuzwa Likasi na kupakiwa kwenye treni, nilikuwa stesheni ya kule. Sikumpiga mtu. Nilipiga makofi.
Nilishika ukurasa niuchane. Kurasa zote zina namba, nilizitia mwenyewe ili mtu asiibe. Niliogopa. Basi.

Jumapili, 13 Machi
Nimesoma mbele ya wote. Nikasema siku ile nilikosea.
Papa Ilunga: "Bon. Weye wa leo hatukuulizi, ndugu. Tunauliza ule wa siku ile."
Mtu nyuma akacheka, akiniita wakili: "Avocat amejifunga mwenyewe."
Maman Agnès hakulia. "Alikukorogea plasta miaka yote. Na hii kitabu ulikuwa nayo mu nyumba?"
Wakapiga kura kwa mikono. Waliokataa walikuwa wengi. Mkono wangu ulikuwa juu upande wa Kalonji, haukusaidia kitu.

Alhamisi, 17 Machi
Amezikwa hapa, Evere. Mvua. Wanachama wengi walikuja, hata waliokataa, wakaimba vizuri. Maman Agnès aliwapa mkono wote. Mimi alinipita.

Jumatatu, 21 Machi
Saint-Gilles, ghorofa ileile. Niko peke yangu. Nimekoroga ndoo nzima, kwa mazoea. Nusu imeganda kabla sijaifikia.