Simbilisi wa Tatu Kutoka Chalinze

Mlingotini,
Bagamoyo.
9 Novemba, 2024.

Mpendwa dada yangu Hafidha,

Assalaam alaykum. Shikamoo, dada. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima huko Ujiji, wewe na shemeji. Goti lako likoje? Ile dawa ya kuchua imesaidia, au bado unaswali umekaa kitini? Sisi hatujambo, alhamdulillahi, mafua tu ya kupokezana.

Utashangaa kupata karatasi wakati simu ipo. Haya siwezi kuyasema kwa simu, maana masikio ya mjukuu wangu Mina hayalali. Ukishasoma, ichane.

Unajua Mina nakaa naye tangu wazazi wake, mwanangu Yunus na mkewe Samia, wahamie Dodoma kikazi. Mwaka jana nilimnunulia simbilisi wawili, vile vinyama vya kufuga kama panya wanene wasio na mkia, majike, ndugu wa tumbo moja: Tende na Halua. Hawaachani wale. Wanalala wamebanana, na mmoja akichelewa kula mwenziwe anampigia kelele. Kila alasiri mimi na Mina huenda kuwakatia ukoka nyuma ya msikiti, tunarudi tunapiga soga. Hiyo ndiyo raha yangu, dada, wala sina nyingine.

Basi mwezi uliopita akaja mkwe wangu Bi Ashatu, mama yake Samia, katoka kwake Chalinze kapakata kikapu. Ndani mna simbilisi mweupe pe, manyoya marefu yamechanwa, na jina kashapewa: Sultana! Mina aliruka. "Bibi wa Chalinze, wangu kweli?" Akamng'ang'ania shingoni. Mimi hajapata kunikumbatia vile. Pilau yangu niliyoamkia alfajiri aliionja tonge mbili, akakimbilia kikapu.

Bi Ashatu anafuga simbilisi zaidi ya ishirini, kwa hiyo anajua. Kabla ya kuondoka aliniambia, "Mkwe, usiwachanganye upesi. Mweke peke yake kwanza, wazoeane harufu. Wakimkataa, nipigie nije nimchukue."

"Sawa, mkwe," nikaitika, na moyo unaniwaka. Kwani mimi sijui kufuga?

Siku zilizofuata wimbo ulikuwa mmoja: Bibi wa Chalinze kasema hivi, Bibi wa Chalinze kasema vile. Ukoka nakwenda kukata peke yangu, mwenzangu yuko barazani anamchana Sultana. Akiniuliza, "Bibi, tumwingize lini kwa wenzake?" namjibu kwamba wawili walioshibana hawaongezwi wa tatu, watatu ni fitina. Nasema kwa sauti ya mtu mwenye busara. Uongo mtupu, dada. Sikuwa nikimhurumia Tende wala Halua. Nilikuwa nikijihurumia mwenyewe.

Jumanne ya wiki iliyopita, Mina yuko shule, nikafanya jambo ambalo naona haya kuliandika. Nilimtwaa Sultana nikamtumbukiza moja kwa moja bandani kwa wenzake, nikafunga kimlango. Nilijua watamkataa. Nilitaka wamkatae, nimpigie Bi Ashatu aje amchukue, mambo yaishe. Tende akaanza kugonganisha meno. Halua manyoya yakamsimama. Nami nimesimama natazama, na nisikufiche, nilifurahi. Mpaka niliposikia ukelele mmoja mkali. Kufungua, sikio la Sultana limechanika, damu imetapakaa kwenye weupe wote ule.

Mina alirudi akanikuta nimempakata, nimembana kitambaa sikioni.

"Wamepigana," nikasema.

"Nani kamwingiza?"

Nikazidi kumfuta damu. Mtoto wa miaka tisa, dada, hakulia wala hakunifokea. Alichukua simu yangu, akapiga Chalinze, akasema Sultana kang'atwa sikio anatoka damu, akanipa. "Zungumza naye mwenyewe, Bibi."

Nikaona uongo hautapita. "Mkwe, ni mimi. Nilimtia kwa wenzake makusudi, nikitaka wamkatae."

Nilingoja anitukane. Akauliza, "Damu imekata?"

"Imekata."

"Msafishe kwa maji vuguvugu ya chumvi." Akaongeza, "Na mimi nikwambie langu, mkwe. Nilimchagua yule wa manyoya marefu kwa sababu anataka kuchanwa kila siku. Nilitaka Mina akimchana anikumbuke. Wewe unaye mwaka mzima, mimi namwona Idi hadi Idi."

Kumbe kuna mtu ananionea wivu mimi! Hilo halikuwahi kunipitia akilini.

Sikio limekauka sasa. Jana, kwa maelekezo yake, tuliwatoa wote watatu tukawaweka uani kwenye mkeka mpya, mahali ambapo hakuna aliyepazoea, na mchicha tele. Halua alimnusa mgeni akaendelea kula. Tende bado anamfukuza. Nimeamua Sultana abaki. Fundi Mbaruku anatujengea banda la vyumba viwili. Wakishindikana, atakaa upande wake, wavu katikati, waonane tu.

Halafu nimemwambia Bi Ashatu kwamba likizo ya Desemba Mina atakwenda kwake mwezi mzima. Nimetamka mwenyewe, hakuna aliyenilazimisha, na tangu nitamke nahesabu siku. Zimebaki wiki nne, mtoto kashapanga nguo begini. Angalau angejifanya anasitasita!

Msalimie sana shemeji Mwinshehe na binti yenu Shufaa. Mola awape afya, awaepushe na shari za watu na za nafsi zenu wenyewe, maana hizo ndizo nimeziona.

Desemba nitakuwa peke yangu, dada. Njoo. Ila ukikaa mpaka Mina arudi, nakuomba zawadi yako isiwe kubwa kuliko yangu.

Ni mimi mdogo wako, mwenye kukupenda,
Mgeni