Sabuni ya Kuzibia Tangi

Mume wangu,

Huku wote wazima, mgonjwa ni pikipiki yako tu. Koki ya mafuta inavuja tena pale inapoungana na tangi. Nilipaka ile gundi nyeusi ya injini nikajiona fundi. Petroli ikailainisha ikawa uji. Sasa nakandika sabuni ya kipande kama ulivyokuwa ukifanya, na chini nimetega beseni. Mama yako akipita anaziba pua, anasema tumefungua kituo cha mafuta kisicho na wateja.

Fundi wa hapo kona alikuja akachungulia, akacheka. "Shemeji, sabuni ni ya kukufikisha nyumbani tu. Mpira wa koki umekufa. Tumwage mafuta, nifunge mpya."

Nilimkatalia. Mafuta hayo uliyajaza mwenyewe asubuhi uliyoondoka, ukasema nisiyaguse, utarudi kabla hayajachacha. Mtoto amejifunza kusimama kwa kushika gurudumu la pikipiki hiyo.

Juzi binamu yako alirudi kutoka huko uliko. Hata chai hakutaka. Alisema alikuona sokoni na mwanamke, aliyebeba mgongoni mtoto mwenye masikio yako.

Leo nimemwita fundi, ameyamwaga yale mafuta yako. Yametoka mekundu kama chai ya jana. Mpira mpya haupitishi hata tone. Mama yako bado anaziba pua akipita, kwa mazoea. Nami jioni nimejikuta nimeinama na kipande changu cha sabuni, napapasa pakavu.

Ni mimi,
Mama wa mtoto wako wa huku