Umecheka Sana Leo Asubuhi

Mzee wangu,

Chakula kiko sufuriani, kipashe moto mwenyewe. Dawa ya presha umeze baada ya kula, si kabla.

Asubuhi mjukuu wako alipowasha televisheni, tumekuta mchezo wa wanawake ambao kazi yao ni kuchekesha watu jukwaani. Umecheka mpaka meno ya bandia yakaangukia kwenye chai. Ukasema, "Hawa akina mama wana kipaji!" Mimi nimekaa kando yako, nimetulia kama maji ya mtungi.

Umesahau? Ujanani mwenye kikundi cha maigizo alikuja mlangoni kuniomba nikachekeshe. Ukamwambia nina mafua. Mafua gani ya miaka arobaini, mume wangu? Alipoondoka ukanifokea: mke wa mtu hachekeshi wanaume.

Basi leo nimepona. Nimekwenda ukumbini, wanawajaribu wachekeshaji wapya. Nitarudi ~~saa kumi~~ nikichoka.

Komeo la mlango linakwama, usukume mlango kwa bega.

Usinifuate. Nikikuona umekaa mbele unacheka, nitalia mbele za watu.

Mkeo